Pete Nyeupe kwenye Gurudumu

Jumapili, tarehe 14 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na masomo ya uuguzi yanakwenda vyema. Mimi ni mzima, na mama pia. Habari za baba ni ndefu. Ninaahidi kukueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo mama amenikataza.

Kwanza ni Koleo, yule fundi umeme mwenzake baba, anayempitia kila asubuhi waende kiwandani na kumwita mama “bosi mkubwa”. Mwezi uliopita alishika mota waliyokuwa wameitengeneza pamoja, umeme ukamkamata. Mikono yote miwili imeungua, na vidole vya mkono wa kulia havitakunjika tena. Nilipokwenda kumwona wodini alinitania kwamba angalau sasa mkewe hatamdai kuosha vyombo. Kisha akaniomba nimwombee radhi kwa baba. Alisema hakumbuki kitu cha siku ile, lakini lazima ni yeye aliyefunga waya vibaya. Wakubwa wa kiwanda nao wanasema hivyo hivyo, na Ijumaa watamfukuza kazi kwa uzembe.

Tangu siku hiyo baba hatoki nyumbani. Anasema mgongo unamuuma. Anashinda mezani na treni yake ndogo ya umeme ya kuchezea, akikifungia kichwa cha treni hiyo magurudumu mapya. Kila akikiweka relini, transfoma inanguruma na kukata umeme. Alisugua reli, akabadili nyaya, akasema muuza magurudumu ni tapeli. Mama akasema hicho kichwa kimerithi ukaidi wa mwenyewe.

Leo mchana niliomba nijaribu. Kila jozi ya magurudumu ina gurudumu moja lenye pete nyeupe ya plastiki katikati, inayozuia umeme usivuke kutoka reli moja kwenda nyingine. Pete zote lazima ziwe upande mmoja, la sivyo ni shoti. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nilikipindua kichwa, wala sikuhitaji taa ya kupimia. Jozi ya tatu ilikuwa imegeuzwa, pete yake ikionekana wazi kama jino. Nikaiweka sawa, treni ikazunguka kona zote bila kusita.

Nilidhani atafurahi. Aliuliza kosa lilikuwa wapi, nikamweleza. Akakichukua kichwa, akakisogeza karibu na pua, akauliza pete iko wapi. Ilibidi nikishike kidole chake nikiweke juu yake.

Dada, baba haoni. Alituambia mimi na mama kwamba kwa muda mrefu sasa kila anachokitazama moja kwa moja kinafunikwa na ukungu, anaona pembeni tu. Akajaribu kutania kwamba mama siku hizi amebaki masikio mawili. Mama hakucheka. Ndipo nilipoelewa kwa nini Koleo alikuwa akimpitia: alikuwa akimvusha ile barabara ya malori. Baba aliamini mikono yake inaijua kazi hata bila macho, na kwa kweli alidhani kosa ni la Koleo. Lakini nyaya za mota ile alizifunga baba mwenyewe, na sasa amejua mikono hiyo hukosea. Alilisema hilo taratibu, kidole chake kikiwa bado juu ya pete. Sasa najiuliza kama ni kweli Koleo hakumbuki.

Baba anataka kwenda Ijumaa kuwaeleza wakubwa. Mama amekasirika sana. Amesema nyumba hii ni ya kiwanda, na tukitolewa hatuna pa kwenda. Amesema Koleo ameshaungua, na sisi kuungua hakutamrudishia vidole. Akitaka kwenda na aende, lakini yeye hamshiki mkono. Baba alinigeukia, akatazama pembeni ya uso wangu, karibu na sikio. Nimejua kwamba hivyo ndivyo anavyoniona.

Mama anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia. Tafadhali uliza huko kama yupo daktari wa macho anayeweza kumsaidia. Bado sijakata tamaa. Nakutakia mitihani myema.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye. Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa neno moja: nimshike mkono nimpeleke?