Yamini ya Ijumaa na Goti Lisilojua Lilipo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, na usinione sina adabu kukuharakisha, ni shida. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane wa huku Chinongwe, Ruangwa, majina nimeyabadili lakini shida sijaibadili hata kidogo, niite Zaina na mume wangu tumwite Bashiri, tumeoana tukiwa vijana, tumezaa pamoja na tumezika pamoja, na sasa ameniambia Ijumaa hii baada ya swala niende msikitini nishike msahafu mbele ya shehe na wazee nile yamini kwamba sinywi pombe, nikikataa nifunge nguo zangu nirudi kwetu Lionja.

Mshauri, pombe sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Shida yangu ni goti la kulia, hospitali walipiga picha wakasema limesagika, wakanipa vidonge nikarudi nyumbani, na maumivu yenyewe nimeyazoea, ni kama kuishi na wifi mkorofi, unajua saa zake. Kinachoniua siyo maumivu, ni kwamba goti hili halijui tena lilipo. Nanyanyua mguu kuvuka kizingiti na moyoni nina hakika umeshapita, kumbe haujafika, naanguka na ndoo yangu, nasimama nikidhani goti limenyooka, kumbe limekunjika, napepesuka hadi nishike ukuta, nikiutazama mguu unanitii, nikiacha kuutazama unafanya yake, kwa hiyo siku hizi natembea nimeinamisha kichwa naangalia nyayo zangu, na giza likianza kuingia ndiyo sifai kabisa. Nilipomweleza binti yangu aliniambia ni uzee, nikanyamaza.

Na huu ni msimu wa korosho, mabibo yametapakaa mashambani, kila kona watu wanakamua uraka, pombe ya mabibo, na wengine wanapika nipa, ile pombe kali ya mvuke, basi mtu akipepesuka msimu huu hakuna anayemuuliza kama anaumwa.

Halafu mimi mwenyewe nikajimalizia. Jirani yangu Klementina, mama Mkristo mwenye mkono mzuri wa kuchua, alinionea huruma akaniambia kwao goti kama langu linachuliwa kwa nipa kali iliyolowekwa mizizi, akanipa chupa, nikaona haya kuiweka wazi ndani ya nyumba ya Mwislamu, nikaificha kwenye gunia la makopa ya muhogo, na kila Bashiri akienda shambani naichomoa nachua goti, nafunga kanga, naendelea na kazi. Joto lilikuwa linanipa nafuu, mshauri, ndiyo maana sikuacha.

Ikafika maulidi kwa Bi Faudhia, nikabeba sinia la wali kuwapelekea wanawake uani, jua linazama, mikono imejaa na miguu siioni, goti likakunjika, wali wote chini. Walikuja kuniinua, na Bi Faudhia alipoinama akashika kanga yangu akainusa, akaniambia taratibu, "Zaina, hata kwenye maulidi?" Laiti angenitukana. Tangu siku hiyo chakula nilichopika mimi hakiliwi, na alipofariki wifi yake Bi Faudhia wakamwita mwanamke wa kijiji cha pili kumwosha, wakati miaka yote wafu wa kike hapa nawaosha mimi.

Bashiri akapekua nyumba akaiona chupa. Nilimweleza ukweli wote, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akasema, "Dawa ya goti inayolevya miguu, hiyo nimeisikia leo." Harithi, ndugu yake Bashiri, ndiye aliyeleta neno la yamini, kwamba kama mimi mkweli naogopa nini.

Nitakwambia naogopa nini. Kuapa naweza, kinywa changu ni safi. Lakini msikiti wetu una ngazi, hazina pa kushika, na siku hiyo watu watakuwa wamejaa wananitazama, sitaweza kuinamisha kichwa nitafute miguu yangu kama mtu mwenye hatia, na nikianguka pale nikiwa nimetoka kushika msahafu watasema kiapo kimemla, na hapo hata mtoto mdogo hataniamini tena. Nisipokwenda nimekiri, nikienda nitaanguka. Nimefika mahali naomba mguu uvunjike kabisa, mfupa utoke nje, watu wauone. Bashiri husikiliza kipindi chako redioni akichambua korosho, ukiisoma barua hii atajua ni mimi. Isome tu, sina tena cha kuficha.

Wako, Zaina.

MSHAURI ANAJIBU

Zaina, pole. Ipokee pole hiyo vizuri, maana baada yake nina maneno makali.

Umefanya ujinga na chupa ile. Kuchua kwa nipa kunakupa joto la ngozi basi, hakuingii ndani ya goti, na kwa joto la nusu saa umeuza heshima ya miaka yote hiyo. Klementina simlaumu, alikupa alichonacho. Nakulaumu wewe uliyeificha kwenye makopa. Kitu kikifichwa ndani ya nyumba, atakayekikuta atakipa jina analotaka yeye. Leo hii imwage mbele ya mumeo. Na binti yako alipokwambia ni uzee ukanyamaza, kwa nini? Uzee ungekuwa peke yake, goti la kushoto nalo lingekuwa hivyo hivyo, limezaliwa siku moja na la kulia.

Sasa nisikilize, maana hili hujaambiwa. Nimemuuliza mtaalamu wa viungo kabla ya kukujibu. Goti limefungwa kwa kano, zile kamba ngumu zinazoshika mfupa wa paja na wa muundi isiachane. Ndani ya kano hizo, na kwenye misuli inayolizunguka goti, kuna ncha ndogo za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kuuambia ubongo: sasa nimekunjwa, sasa nimenyooka, sasa mguu uko juu kiasi hiki. Ndiyo maana mwenye goti zima huvuka kizingiti huku anaongea na jirani. Goti likisagika, mara nyingi habari hizo hupungua au hufika si sahihi, na msuli wa paja nao hulegea. Macho yako yameichukua kazi hiyo. Ukiyanyima mwanga, au ukiyafunika kwa sinia la wali, mguu unabaki hauna wa kuuongoza. Huna wazimu na hujalewa.

Sitakudanganya kwamba utapona. Gegedu iliyolika, ule mto laini kati ya mifupa, hairudi, na hisia iliyopotea huenda isirudi yote. Labda utatembea ukitazama chini hadi mwisho wako. Lakini kuanguka kunaweza kupungua, na hilo ndilo la kulifanyia kazi. Nenda hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo, siyo kuchukua vidonge tu. Waambie wazi kwamba unaanguka, maana ukisema "goti linauma" watakutibu maumivu. Wakupime na sukari na macho pia, kwa kuwa kupepesuka kuna sababu nyingi. Watakufundisha kukaa na kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na kusimama mguu mmoja umeshika meza, kila siku, hata ukichoka. Ulizia soksi ya kubana goti, wengine huwasaidia kulisikia vizuri zaidi. Sinia usibebe tena, wabebe wenye magoti. Na tafuta fimbo. Najua unaionea haya, lakini hapo Chinongwe hakuna aliyewahi kumwambia mwenye fimbo kwamba amelewa.

Kuhusu Ijumaa, usiende kuapa. Nenda kwa shehe kabla, mchana, na fimbo yako, umsimulie kama ulivyonisimulia mimi, umwombe asubiri hadi utoke hospitali. Shehe mwenye akili hawezi kumwapisha mgonjwa ili majirani wapate la kutazama.

Na wewe Bashiri, najua unasikiliza. Weka korosho chini. Mkalishe mkeo kwenye kiti kirefu miguu ining'inie, mfunge macho kwa kitambaa. Unyanyue mguu wake wa kulia taratibu, uusimamishe kidogo, uurudishe chini, kisha mwambie aunyanyue mwenyewe hadi pale pale. Rudia. Halafu akufunge wewe macho akufanyie hivyo hivyo. Wewe utapafikia, au utapakosa kidogo. Yeye mtazame usoni wakati anakwambia kwa hakika kwamba amefika, na mguu uko kwingine kabisa. Mtihani huo si wa daktari, ni wa kukufungua macho wewe. Fanya asubuhi, hajala, hajatoka nje, usije ukasema amepitia kilabuni.

Ukimaliza, chukua jembe ukichimbue kizingiti cha nyumba yako, uliyekijenga ni wewe. Umeishi na mwanamke huyu mkazika pamoja, na alipokwambia anaumwa ukacheka. Harithi akaja na yamini ukaipokea, kwa kuwa ni rahisi kumpeleka mke kwa wazee kuliko kukaa chini ukalitazama goti lake.

Na kama wazee watakataa kusubiri, basi Ijumaa panda naye ngazi zile wewe mwenyewe. Akimaliza kuapa, mshike mkono, mshuke pamoja mbele ya watu wote, yeye akiangalia miguu yake kadiri anavyotaka. Hapo kwenu hawajazoea kumwona mzee ameshika mkono wa mkewe barazani kwa msikiti, wataongea. Waache waongee, Bashiri, ila mkono usiuachie hadi ngazi ya mwisho.