Jinsi ya Kufika Ukumbi wa Bodi

Mdogo wangu,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta ukiwa na afya, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mwanao wa katikati kimeisha. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, lakini ofisi yetu imehamishiwa chini, kwa hiyo sina cha kulalamikia. Fundi saa, jirani yetu wa zamani, anakusalimu. Kila tukikutana huniuliza kama bado unafundisha hesabu au umeshapewa cheo ukaachana na chaki. Namwambia bado, naye hufurahi kama vile yeye ndiye aliyekusomesha.

Nakuandikia kwa sababu nataka uje mjini Alhamisi ijayo, na najua hujapanda basi la mji huu kwa miaka kumi na tisa. Gari lako liache huko huko. Karibu na jengo unalokuja hakuna pa kuliegesha, na utafika umekasirika. Nataka ufike umetulia. Nimeambatanisha kijitabu cha mwongozo kwa abiria wapya, toleo jipya, ambacho niliandika mimi mwenyewe. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wote, kwa hiyo hapa nitakueleza yale yanayokuhusu wewe tu.

Ukishuka kwenye stesheni kuu, usifuate watu. Wengi wanakwenda sokoni na watakubeba. Tafuta kibao cha bluu, chini yake kuna mashine ya kadi, na pembeni yake husimama mama mmoja mwenye kizibao cha kijani. Akikuuliza kama unahitaji msaada, sema ndiyo. Wanaume wa umri wako humjibu kwamba wanajua, kisha husimama pale robo saa wakibonyeza skrini kama wanaoua chawa. Kadi iguse getini mara moja tu. Wageni hugusa mara mbili kwa wasiwasi, na geti hudhani wameshatoka.

Panda namba saba, lakini namba peke yake haitoshi, kwa sababu namba saba huenda pande zote mbili. Soma neno lililo chini ya namba. Unalotaka limeandikwa Mahakama. Lile lingine limeandikwa Gereji Kuu. Ukijiona unapita kwenye ukuta mrefu wa kijani, umekosea upande. Ukuta ule unaujua. Shuka, vuka daraja la waenda kwa miguu, panda la kurudi.

Ingia mlango wa mbele, utokee wa kati. Usisimame kwenye mstari wa njano nyuma ya dereva, na usimsemeshe. Tangazo hilo pia niliandika mimi, na ndilo pekee linalotiiwa, maana madereva wenyewe hawataki maongezi. Kituo cha tano kinaitwa Mnara wa Maji. Bonyeza kengele mkiwa mnakaribia, usingoje basi lisimame, maana bila kengele halisimami. Hapo shuka chini kwa ngazi za umeme. Simama upande wa kulia, kushoto ni kwa wenye haraka, nao hawana adabu. Treni ya njia ya kijani, vituo viwili. Toka geti la tatu, na jengo la vioo lililo mbele yako ndilo la Bodi ya Usafiri. Ukumbi uko ghorofa ya pili. Kikao kinaanza saa tatu kamili asubuhi.

Kaa safu ya pili, upande wa kushoto wa kiti cha shahidi. Nakuomba usikae kwingine. Nimekaa vikaoni na mtu huyu miaka kumi na moja, na najua kwamba akikwama hugeukia kushoto. Wewe umechukua paji la uso la Baba na namna yake ya kukunja mikono. Nataka akwame, ageuke, akutane na hilo paji.

Mtu huyo ni Bwana Saini. Utamkumbuka kama msimamizi wa gereji, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Madereva walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akisaini chochote kilichowekwa mbele yake bila kukisoma. Walikuwa wakitaniana kwamba ukimpelekea cheti chako mwenyewe cha kifo atasaini na kukutakia safari njema. Sasa hivi ni mkurugenzi mkuu wa shirika letu. Amenenepa, na kalamu amebaki nayo moja.

Yaliyotokea unayajua kwa namna yalivyosemwa wakati ule. Basi namba arobaini na moja lilishindwa kusimama kwenye mteremko, likapanda kibanda cha abiria, na mwanamke aliyekuwa amekaa pale akapoteza mguu. Baba alisema alikuwa amejaza fomu ya kasoro asubuhi ile kabla ya kutoka, na kwamba msimamizi ndiye aliyemwamuru atoke. Fomu ilitafutwa kwenye faili haikuonekana. Msimamizi aliapa kwamba hakuiona. Kamati ikaandika kuwa dereva alitoa gari barabarani bila kulikagua, Baba akanyang'anywa leseni, na wewe, ukiwa na miaka ishirini, ukamwambia sebuleni mbele ya wageni kwamba hutampandisha mtoto wako gari lolote ambalo yeye amegusa usukani wake. Mtoto hukuwa naye bado. Harusi yako Baba aliisikia kwa fundi saa.

Fomu ilikuwepo. Sasa nikueleze ilikokuwa, kwa sababu Alhamisi wataeleza kwa lugha ya mawakili na hutaelewa.

Katika ofisi zetu hakuna mtu anayechana karatasi yenye upande mmoja mweupe. Ni mazoea ya miaka mingi, na aliyeyaanzisha ni Bwana Saini mwenyewe. Alibandika agizo ukutani, akaweka boksi chini ya kila meza, na kila Ijumaa maboksi hayo hupelekwa chumba cha ramani ili wachoraji wafanyie majaribio. Siku ya ajali aliitoa fomu ya Baba kwenye faili. Mtu mwingine angeichoma moto, au angeitafuna. Yeye mkono wake ulikuwa umeshazoea. Aliitia kwenye boksi.

Nilipopewa kazi ya kuandika toleo jipya la mwongozo, nilimwomba mchora ramani, yule mzee anayevaa miwani miwili kwa pamoja, anitolee michoro ya zamani ya toleo la kwanza. Alinipa bahasha nene yenye vumbi. Mchoro wa tano ulikuwa ramani ya njia zote kwa penseli, mzuri kweli, na nilipougeuza nikakuta mwandiko wa Baba. Basi namba arobaini na moja. Breki za nyuma zinavuja upepo. Gari lisitoke. Chini yake kwa wino mwingine: Nimeona. Litoke. Saini, tarehe, na saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Nilimuuliza mchora ramani kama alijua kilichokuwa nyuma ya mchoro wake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. Alisema yeye huchora upande mweupe, mama, na upande wa pili haujawahi kumhusu. Kisha akaniuliza kama ramani yenyewe ilikuwa imenyooka.

Sikwenda polisi wala kwenye gazeti. Fungua kijitabu ukurasa wa ishirini na mbili. Sehemu hiyo inaitwa Jinsi ya Kuripoti Kasoro, na kila toleo huwa na mfano wa fomu iliyojazwa ili abiria waone. Toleo lililopita lilikuwa na fomu ya kubuni kuhusu kiti kilichochanika. Hili lina fomu ya Baba, nzima, kwa ukubwa wake, haikufutwa hata nukta.

Utaratibu wetu ni kwamba mkurugenzi mkuu husaini kila ukurasa wa rasimu kabla haijaenda kwa mpiga chapa. Nilimpelekea kurasa thelathini na sita. Nilisimama mbele ya meza yake nikimwangalia. Alikuwa kwenye simu akimsifu mtu, na mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika ishirini na mbili mkono ulisimama. Alifunika simu kwa kiganja akaniuliza kama picha yake ya ukurasa wa kwanza haingeweza kuongezwa ukubwa kidogo. Nilimjibu kwamba inawezekana, mheshimiwa. Akasaini. Picha tuliiongeza. Utaiona, imekaa vizuri sana.

Nakala elfu sitini zilisambazwa kwenye vituo vyote Jumatatu moja. Siku ya tatu alikuja ofisini kwetu mwanamke mwenye mkongojo, fundi cherehani, amekunja kijitabu kwenye ukurasa ule. Hakuhitaji kuambiwa ni tarehe gani ile. Aliuliza ni nani aliyeandika, nikamwambia ni mimi, na nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Alikaa kwanza. Alisema kwa miaka yote hiyo amekuwa akimlaani mtu mmoja kila akivaa kiatu, na sasa naona, akasema, nimekuwa nikikosea anuani. Kisha akaomba kalamu akaandika malalamiko kwa Bodi papo hapo mezani kwangu, kurasa tatu, bila kukata neno.

Bwana Saini aliniita siku iliyofuata. Alikuwa na kijitabu mkononi na sauti yake ilikuwa ndogo. Alinikumbusha kwamba yeye ndiye aliyesaini barua yangu ya ajira. Nilimwambia nakumbuka, na kwamba hata hiyo hakuisoma, maana jina la ukoo lilikuwa wazi juu kabisa. Akaniuliza nataka nini. Nilimwambia sitaki kitu, nimeshapata. Sitakuficha kwamba niliporudi kwenye meza yangu nilikula chakula changu chote cha mchana na nikaomba cha mwenzangu.

Hayo ndiyo ya Alhamisi. Ataulizwa mbele ya watu, ataapa, na karatasi itakuwa mezani. Ningeweza kuishia hapa, na barua ingekuwa nzuri. Lakini wakili wake ameniletea orodha ya maswali atakayoniuliza mimi, na swali la nne ni lini niliipata fomu.

Umesoma hadi hapa ukidhani niliipata mwaka huu. Sikusema hivyo, ila niliacha udhani. Kazi ya mwongozo nilipewa mapema na ikasimamishwa mara mbili. Bahasha ile niliifungua miaka mitatu na miezi minne iliyopita. Baba alikuwa hai.

Aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo. Nilikuwa namtembelea kila Jumapili, na karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwenye mfuko wa zipu. Mara moja aliniuliza, bila kukazania, kama huko kazini watu bado wanamzungumzia. Nilimwambia wameshasahau. Alisema heri. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba ningeweza kuitoa bila kuinuka.

Sikuitoa kwa sababu wakati ule Bwana Saini alikuwa naibu, na naibu akianguka huhamishwa idara. Nilijua ukurugenzi ungekuwa wazi karibuni na kwamba yeye ndiye angepewa. Nilitaka apande kwanza. Nilijua pia kwamba nikimwonyesha Baba asingekubali kungoja. Angetaka uambiwe wewe siku ile ile, basi, wengine wangejua wenyewe. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba habari ya leseni ilishamtoka, ila habari yako haikumtoka. Kisha akapata kiharusi, na ukurugenzi ulitangazwa wiki sita baada ya mazishi.

Na nimalizie lililobaki, kwa kuwa nimeshaanza. Hata baada ya kumzika ningeweza kukuandikia. Ulikuja mazishini ukasimama nyuma, ukaondoka kabla ya watu kukaa. Nilikuona. Nilisema moyoni, mwache aendelee kuamini alichoamini, atakuja kujua mbele ya ukumbi uliojaa, hana pa kuangalia. Ile safu ya pili sikuichagua kwa ajili ya Bwana Saini peke yake. Ulikuwa kwenye orodha yangu na wewe.

Jana usingizi haukuja, nikakaa na yale maswali ya wakili. Nimeamua swali la nne nitalijibu kwa tarehe kamili. Huenda wataniita mfichaji wa ushahidi, na kazi inaweza kwenda. Karatasi haitabadilika kwa hilo, na yeye atafukuzwa vilevile. Sijuti kwa upande wake hata kidogo. Ila tarehe hiyo sikutaka uisikie pamoja na watu wasiokuhusu.

Sasa unajua yote, na uamuzi wa kuja ni wako. Ukija, kaa popote unapotaka.

Wifi yangu mwambie nilipokea picha za watoto na nimezipanga sebuleni. Watoto nao wasalimie sana kutoka kwa shangazi yao. Yule mkubwa aliwahi kuniuliza kwa simu babu yake alifanya kazi gani, nikamwambia ampe mama yake simu bila kumjibu. Mjibu wewe.

Wako katika ukoo, kwa mema na kwa haya,

Dada yako