Santuri ya Baba Mkwe Iko Kabatini Kwangu

Mama mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu. Naomba msaada wako, na tafadhali unijibu kwenye gazeti la Ijumaa, kwa sababu Jumapili hii nitaumbuka mbele ya mke wangu, na ukimaliza kusoma barua hii huenda ukasema nilistahili.

Mimi ni fundi wa makochi, nina miaka arobaini na minne, mke wangu ni mwalimu wa chekechea, tuna watoto wawili, sinywi, sivuti, sina mwanamke wa nje, ugonjwa wangu ni mmoja tu nao ni santuri. Na si santuri zozote, nawinda zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, za muziki wa soul wa zamani, zilizotolewa chache mno kisha zikapotea, mpaka leo labda zimebaki mbili au tatu na hakuna ajuaye ziko nyumba gani. Watu husema sikiliza kwenye simu ukalale, lakini nyimbo hizi kwenye simu hazimo, mama, hazimo popote, zimo kwenye ile sahani tu, nayo ikivunjika wimbo ndio umekwisha. Tuko wagonjwa saba, tunakutana Jumapili alasiri kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja ambaye ni mwenzetu, kila mtu na alichookota, na mpinzani wangu mkubwa tunamwita Mikwaruzo kwa sababu hata santuri iliyochakaa namna gani yeye ataibeba tu.

Sasa kuna desturi yetu moja lazima nikueleze. Ukipata santuri ambayo wenzako hawaijui, ile karatasi ya duara ya katikati yenye majina unaifunika kwa karatasi nyeupe, unaandika juu yake jina la uongo, ndipo unaipiga. Wenzako wanasikia wimbo wanachanganyikiwa, wanakubembeleza uwaambie ni nani huyo anayeimba, na wewe unatabasamu tu kama bwana harusi. Jina likijulikana kila mtu ataanza kuitafuta na yako itakuwa santuri kama santuri nyingine. Ni mambo ya kitoto, najua, usinicheke bado.

Baba mkwe wangu alikuwa karani wa ghala maisha yake yote, mtu wa kalamu sikioni na suruali iliyopigwa pasi, lakini alipokuwa kijana aliimba na wenzake watatu, wakavaa mashati ya kung'aa, wakarekodi wimbo mmoja wa soul kwa lugha yetu, upande wa pili wa santuri ukaachwa mtupu. Zikatolewa santuri mia mbili, hazikununuliwa, mwenye studio akaziweka stoo, paa likavuja, zikatupwa. Ya kwake mzee alimwazima rafiki, rafiki akahama nayo. Kwa hiyo hakubaki na kitu ila ubeti wa kwanza, ule alimwimbia mke wangu tangu mtoto, na mke wangu akawaimbia wanangu, mpaka leo wakioga utawasikia, "nimesimama mlangoni, viatu viko mkononi," kisha wananyamaza, maana hapo ndipo wimbo unapoishia nyumbani kwetu. Ubeti wa pili mzee alikuwa ameusahau. Nilipooa nikaambiwa kwa utani, wewe si mtu wa santuri, basi mtafutie baba sauti yake, nami nikaahidi mbele ya watu.

Nimeitafuta miaka tisa. Nimepekua mitumba, stoo za shule, vibanda vya mafundi redio, maboksi ya marehemu wa watu, nimeumwa na siafu, nimefukuzwa na mbwa. Halafu mwaka jana mteja mmoja akaniletea kochi kuukuu nilivishe kitambaa kipya, nikalichana chini, na wewe hujui vitu ninavyokuta tumboni mwa makochi, vijiko, vitana, meno ya bandia, nikaona kona ya karatasi kati ya mbao na gunia, nikavuta, ikatoka santuri ndogo ndani ya bahasha yake, imejipinda kidogo tu. Nikasoma majina manne. La pili lilikuwa la baba mkwe wangu. Mama, nilikaa chini kwenye pamba nikalia. Mwenye kochi nikampigia, akasema takataka hiyo, fanya utakalo.

Ningefunga duka saa ile ile nikamkimbilia mzee, ningekuwa mtu leo. Nikasema moyoni, ngoja kwanza Jumapili moja. Moja tu, Mikwaruzo aisikie. Nikaifunika majina, na kwa kuwa wenzangu hutumia gundi ya unga inayobanduka kwa maji, nami namjua Mikwaruzo vidole vyake, nikatumia gundi yangu ya kazini, ile ya kubandika ngozi kwenye mbao. Nikaandika "Mgeni wa Jioni". Nilipoiweka, kinyozi alisimama na kitambaa begani akasahau alichokuwa anafanya, Mikwaruzo alinishika mkono akaniambia, "Fundi, nakupa mashine yangu ya santuri, niambie jina tu." Tangu nizaliwe sijawahi kutazamwa namna ile. Nikasema Jumapili nyingine moja. Nikajua kabisa nikimpelekea mzee, habari itavuja, Mikwaruzo ataenda kukaa barazani kwake amchimbe, na mimi nitarudi kuwa fundi makochi. Ikawa miezi kumi na minne, na kila mke wangu akiniuliza vipi ile ya baba, nasema bado, naendelea kutafuta.

Mzee akaugua, akalazwa. Siku moja mchana nilimpelekea uji, tulikuwa wawili tu na mgonjwa mwingine amegeukia ukutani, akaanza kuimba polepole ubeti wake, akafika mwisho, akakwama, akanishika shati akasema, "Mkwe wangu, wewe ni mtu wa santuri. Unaofuata unaanzaje?"

Mama mshauri, naujua. Nimeusikiliza mara mia, naujua kuliko sala zangu. Nikafikiria nikiusema ataniuliza nimeusikia wapi. Nikamjibu, "Sijui, baba." Akasema haya, akageuka akalala. Baada ya siku nne akafariki.

Matangani mke wangu alisimama mbele ya ukoo mzima akasema mume wangu huyu zaidi ya miaka kumi amemzungukia baba yangu juani na mvuani, na mama mkwe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema ahsante mwanangu, ulijitahidi. Nikala chakula cha msiba. Kilishuka hivyo hivyo.

Kuna mengine bado. Mke wangu sasa ndiye ameshika uwindaji, akitoka chekechea anapita vibandani anaulizia wimbo wa baba, amechora hata alama kwenye daftari wapi ameshauliza na wapi bado, viatu vimepinda visigino, na ameniambia Jumapili hii anakuja na mimi kwa kinyozi awaombe wenzangu wamsaidie. Akiingia tu Mikwaruzo atasema leo tupigie "Mgeni wa Jioni", kama asemavyo kila wiki. Jumanne nikaona bora niibandue karatasi yangu, nimwambie nimeipata leo leo. Nikaipaka thina, ile dawa ya kuyeyusha gundi na rangi, nikavuta taratibu, zikatoka zote mbili, yangu na ya chini yake. Majina manne yalibaki kwenye kidole changu kama maganda. Sasa santuri ni nyeusi tupu, haina jina la mtu.

Nifanye nini? Niivunje? Niseme nimeipata ikiwa hivyo? Nikisema kweli nitampoteza mke wangu, nisiposema namwona kila siku anatoka na lile daftari. Sili, sishoni, wateja wananiuliza makochi yao siwajibu. Wakati mwingine naona bora ningekuwa mimi niliyelala kule badala ya mzee.

Ni mimi, Fundi Makochi

JIBU

Fundi, pole kwa msiba. Naitanguliza pole hapa kwa sababu huko mbele sina nyingi.

Kwanza hilo la mwisho uliloandika, la kutamani kulala pale alipolala mzee. Sikulipita. Leo, kabla ya jambo lolote, mtafute ndugu yako mmoja au huyo kinyozi, mwambie kwa mdomo wako kwamba unawaza hivyo, na usikae peke yako dukani na vitu vyako vya kazi. Ukiona mawazo hayo yanakuzidi nenda hospitali, nao ni ugonjwa kama ugonjwa. Una watoto wanaoimba bafuni, wamemzika babu juzi tu.

Haya, sasa tugombane. Barua yako yote inalilia santuri. Santuri imepotea, santuri imepatikana, santuri imebanduka majina. Baba wewe! Siku ile wodini hukuhitaji santuri, wala mashine, wala sindano. Mzee alikuomba mstari mmoja wa maneno, nawe ulikuwa nao kinywani, ukaumeza kwa kumwogopa Mikwaruzo. Miezi kumi na minne ningekusamehe, watu wazima wana utoto wao, na kutazamwa ni kutamu, hasa kwa mtu ambaye siku zote anatazama makochi ya wenzake. Lakini lile "sijui, baba" hakuna wa kukusamehe ila mzee mwenyewe, na mzee hayupo. Utalibeba. Sikudanganyi kwamba litakwisha.

Usiivunje, ole wako. Wala usiseme umeipata leo. Mke anayeandika kwenye daftari wapi ameuliza na wapi bado, unafikiri hatauliza umeipata kwa nani? Utadanganya la pili, la tatu, na mwisho utamhusisha hata yule mwenye kochi wa watu.

Jumapili kwa kinyozi huendi. Jumamosi asubuhi, watoto wapeleke kwa jirani, mkalishe mkeo, mwambie yote kwa mpangilio ulioniandikia mimi: kochi, gundi, Jumapili zile, na wodi. Wodi usiiruke. Nakujua utataka kuiruka. Na usianze kulia, kwa sababu ukilia wewe yeye atalazimika kukubembeleza, na siku hiyo si zamu yako. Akitaka kwenda kwao, mbebee begi mpaka mlangoni. Akikutukana, kaa. Akinyamaza wiki mbili, pika, ogesha watoto, shona makochi ya watu, usimuulize kila saa kama amekusamehe. Huenda asikusamehe. Mimi ningekuwa yeye, kwa kweli sijui.

Santuri mpe, iwe yake kuanzia saa hiyo, apige au asipige. Akikubali, mwende wote kwa mama mkwe, naye umwambie kwa mdomo wako, ile mikono miwili aliyokushika nayo aijue ilishika nini. Majina yale manne usihuzunike yamekwisha, mama mkwe aliishi na mmoja wao, wengine watatu hawezi kukosa kuwajua. Kateni karatasi mpya ya duara, aandike yeye. Na mtumie gundi ya unga.

Mikwaruzo na wenzake waambie jina la kweli, hadharani, chumba kizima kisikie. Wataitafuta, ndiyo. Waache waitafute. Huenda wakaipata nyingine na karatasi yake.

Neno la mwisho, nililolibakiza kwa makusudi. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umenieleza siafu na mbwa, umenieleza meno ya bandia, ubeti wa kwanza umeniandikia mpaka mimi mwenyewe nauimba hapa mezani. Wa pili hukuniandikia. Hata kwangu, mtu usiyemjua, hata katika barua ya kuungama, umeufunika. Basi usinitumie, sitaki kuusoma. Mtu aliyeuomba hayupo, na binti yake anautafuta kwa miguu. Jumamosi, ukimaliza kusema yote, kabla hata hujagusa mashine, mwambie unaanzaje.