Shati Lisilo na Mfano

Mjukuu wangu Aneti,

Shikamoo yako imenifikia huku Marangu, marahaba. Babu yako bado anakohoa, na upepo umeangusha migomba ya nyuma ya nyumba.

Unasema programu za mfano unazonakili kwenye kompyuta zinafanya kazi, ila ukitakiwa kuandika yako mwenyewe unabaki kukodolea kioo macho. Unauliza kama uache.

Nami nilijifunza kushona hivyo hivyo, kwa fundi mmoja wa Majengo. Alikuwa ananipa shati kuukuu, nalifumua, nakata jingine kama lile. Nikajiona fundi. Kisha baba yangu akafariki, mama akanipa kitambaa cheupe nimshonee shati la kuzikwa nalo. Baba alikuwa mpagazi wa mlimani, na mizigo ilikuwa imemshusha bega la kushoto. Katika mashati yote niliyofumua, hakuna lililokuwa na bega kama lile. Nililia, halafu nikakata kwa kukumbuka alivyokuwa anatembea.

Lilimkaa sawasawa. Siku hiyo ndiyo nilijua kushona, na yeye hakuliona.

Usiache, mama. Babu yako anasahau dawa zake. Mtengenezee programu ya kumkumbusha, angali yupo.

Bibi yako