Mashine Iliyofundishwa Kudharau Chuma

Masakta, Hanang

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo nyingine ni kwa niaba ya magoti yangu, maana huku yenyewe ndiyo yanafanya kazi kuliko kichwa. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nimenenepa kidogo kwa maziwa ya watu. Nyie je? Kifua chako kimeachana na ile baridi ya huko juu? Mahindi yameota au kunguru wamevuna kabla yenu? Kaka bado anakoroma mpaka kuku wanahama? Shemeji Fabiola, wewe unayemsomea mama, hapo kwenye kukoroma usiruke, soma kama ilivyo.

Barua yako ilifika kwa mkono wa kondakta wa basi, imekunjwa kama sambusa, lakini ilisomeka. Umeuliza mambo mawili tu. La kwanza, kama dhahabu imepatikana. La pili, kama nakumbuka kwamba upande wa ng'ombe humo ndani ya nyumba bado uko mtupu tangu yule wako wa maziwa afe. Mama, nakumbuka. Nilisema sirudi Tumati mpaka nirudi na ng'ombe, na baba mdogo akasema pale nje ya kanisa, watu wote wanasikia, kwamba huyu kijana anakwenda kutafuta ng'ombe kwa kutumia sahani. Walicheka mpaka katekista. Yale maneno huwa yananitembelea nikiwa nimelala. Basi kaa vizuri, sogea kwenye moto, nikueleze sahani imefanya nini.

Kwanza nieleze hii mashine, maana ulipoiona siku ile uliiogopa ukaifunika na kanga. Ni fimbo tu. Juu ina kisanduku cha betri, chini ina sahani, na ndani ya sahani kuna waya uliozungushwa, mafundi wanauita koili. Sahani ikipita juu ya madini yaliyofukiwa, inalia. Ndiyo hiyo niliyobadilishana na baiskeli yangu pamoja na redio.

Sasa, ilikuja na koili moja kubwa kama ungo. Nikadhani kubwa ndiyo bora, kama sufuria ya harusi. Ni kweli inasikia chini sana, lakini udongo wa huku umetoka kwenye mlima wenyewe ulipokuwa unatapika moto zamani, una chuma mpaka kwenye vumbi. Ile koili kubwa inasikia dunia nzima kwa mpigo mmoja. Inalia tu, inalia tu, kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Halafu jirani hapa ni lile shamba kubwa la ngano lililokuwa la serikali, siku hizi lina mwenyewe. Matrekta yamemwaga nati na bolti humo miaka nenda rudi, na mafuriko yakazisambaza mpaka kwenye malisho ya watu. Nilichimba bolti mpaka nikaanza kuota bolti. Nilizipeleka Katesh kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na usicheke mama, hizo ndizo zilizonilisha.

Huko Katesh ndiko nilikompata fundi wa redio anaitwa Elisante, mtu anayeongea na waya kuliko na mke wake. Akaniambia hapa unahitaji koili ndogo, inasikia karibu lakini inasikia kitu kimoja kimoja. Tukaitengeneza wenyewe. Unaikumbuka ile sahani ya plastiki ya bluu uliyonifungia nayo makande ya njiani? Ndiyo hiyo. Tulichukua waya wa shaba kwenye mota iliyoungua, tukazungusha duara mbili. Hizo duara zinatakiwa zipandane kidogo tu, kama watu wawili wenye shuka moja. Zikiachana zinagombana, zikibanana sana zinagombana, na mashine inapiga kelele za ugomvi. Elisante akawa anasogeza, anasikiliza, anasogeza, mpaka kukawa kimya. Akaniambia nisipumue, akamimina gundi.

Kulikuwa na jambo la pili. Mashine ina kitufe cha kuiambia isijali chuma, ilie kwa dhahabu na shaba peke yake. Kitufe kilikuwa kimelegea, nikijikwaa kinageuka chenyewe. Nikamwambia fundi akilehemu hapo hapo, isisikie chuma tena. Akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwa mdomo mpana kwamba nimekuja kutafuta dhahabu, misumari namwachia seremala.

Basi nikarudi Masakta na sahani ya makande, nimetulia, sisikii bolti hata moja. Pia sisikii kitu kingine chochote. Kimya kama Jumatatu kanisani.

Kambi yangu iko kando ya korongo, kwenye malisho ya mzee mmoja Mbarbaig, Mzee Gidamwanda. Ni mtu mrefu, mkimya, shuka begani, akikutazama unajikuta unarekebisha kola hata kama huna. Wasichana wake wote wameolewa mbali, wavulana wako na ng'ombe, yeye yuko na mke wake, Bibi Uda, mwenye bangili za shaba zilizozunguka mkono kutoka kiwiko mpaka kiganjani. Bibi huyo ananiletea maziwa kila asubuhi, tunakutana kwenye mlango wa zizi, nakaa kwenye jiwe nakunywa. Akikaribia, mashine inalia kabla hajanisalimia. Anacheka anasema imempenda.

Masika iliyopita mzee alipotelewa na kengele. Si kengele ya kununua. Ilikuwa ya baba yake, na alikuwa anaivaa yule maksai mkubwa anayetangulia wengine. Ng'ombe wa mzee wamezaliwa wanaisikia hiyo, wanaifuata hata kwenye ukungu. Mkanda ulikatika, hakuna aliyejua wapi. Tangu hapo kundi likawa kama shule isiyo na mwalimu, kila mmoja njia yake. Wengine wakaingia kwenye ngano, walinzi wakawafungia, na mzee akaambiwa wakiingia tena hatawaona. Alijaribu kengele mpya ya dukani. Maksai akaisikiliza, akaendelea kula.

Siku moja mzee akaja kambini, akasimama juu yangu.

"Wee Mbulu," akasema, ndivyo wanavyotuita huku watu wa kwetu, "hicho kijiti kinasikia chuma?"

"Mzee, hiki kinasikia hata sindano ikikohoa."

"Basi nitafutie kengele yangu. Ukiipata, tutaongea kama watu. Usipoipata, chukua kijiti chako ukasikilize kwenu."

Mama, unanijua. Mdomo wangu huwa unafika kabla yangu. Nikasema haya, nikamuuliza kengele yenyewe ina rangi gani. Akasema nyekundu. Moyoni nikafurahi, nyekundu ni shaba, na shaba mashine yangu inaipenda, si nimeona kwa Bibi Uda? Sikuuliza tena.

Nikaanza kutembea. Kwenye malisho, njia ya maji, chini ya migunga, kote. Nikaivisha mashine koili kubwa, nikaivua, nikaivisha sahani yako. Nilipata kopo la soda na kijiko cha aluminiamu kilichopinda. Kila nikichimba mzee anatokea, sijui alikuwa anatokea wapi, anakiangalia nilichotoa, ananiuliza kwa upole kabisa, "Hii ndiyo kengele?" Namwambia hapana mzee. Anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Ni afadhali angenitukana. Nikaanza kumsikia baba mdogo kwenye kila kichaka. Nikaanza kufikiri nitapita saa ngapi Tumati ili watu wasinione narudi mikono mitupu.

Asubuhi moja nimekaa kwenye lile jiwe la mlango wa zizi, nimekata tamaa, panga mapajani, mashine miguuni. Bibi Uda akaja na kibuyu. Mashine ikamlilia kama kawaida. Akakaa chini, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Inalilia bangili zangu. Panga lako mbona hailii?"

Nikamweleza kwamba imefundishwa kudharau chuma.

"Na kengele si chuma?"

"Mzee alisema nyekundu, bibi. Nyekundu ni shaba."

Mama, yule bibi alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Akamwita mzee kwa lugha yao, wakacheka wote wawili, na mimi sikuwahi kuona meno ya mzee kabla ya hapo. Kumbe kengele ni chuma kabisa, cha mhunzi. Siku maksai mpya anapovalishwa, wanaipaka mafuta na udongo mwekundu, na wanaipaka tena na tena, mpaka mzee mwenyewe hajawahi kuiona na rangi nyingine. Mimi niliuliza rangi, naye akanijibu rangi. Nilikuwa natafuta kitu ambacho mashine yangu imeapishwa isikisikie.

Nikafungua kisanduku hapo hapo. Nikapasha msumari kwenye moto wa Bibi Uda, nikayeyusha ile risasi aliyolehemu Elisante kwa uangalifu wake wote, nikageuza kitufe. Nikaiwasha, nikainua mguu, ikalia. Nikashusha, ikalia. Nikasogea, inalia kila hatua. Nikashangaa hii dhahabu inanifuata. Mzee akanyoosha fimbo yake akagonga miguu yangu. Zile katambuga za tairi, mama, misumari yake. Nikazivua. Nikalitupa panga mbali, nikamwomba Bibi Uda asogee na mapenzi yake. Sasa niko peku, na mbigili za Masakta hazina utani.

Koili kubwa hapo isingefaa, ingesikia bolti zote za pale zinaongea pamoja. Nikaweka sahani ya makande, nikaipitisha chini chini, polepole, nikianzia nilipokuwa nimekaa. Sikufika mbali. Mlio wa kwanza ulikuwa pembeni ya lile jiwe. Bolti hulia kifupi, kama mtu aliyekanyagwa. Huu ulikuwa mpana. Nikachimba kwa mikono kwenye samadi iliyokanyagwa ikashindiliwa. Ikatoka nati. Mzee akaniuliza, "Hii ndiyo kengele?" Nikasema hapana mzee, nikarudisha sahani shimoni. Bado inalia. Nikachimba tena, nikashika mdomo wa kitu.

Hakuniuliza tena.

Ilikatikia pale mlangoni siku ya matope, ng'ombe wanasukumana kuingia, wakaikanyagia chini. Na mimi kila asubuhi nilikuwa nakunywa maziwa karibu kuikalia, mashine imenyamaza miguuni kama ilivyofundishwa.

Mzee aliipangusa kwa shuka lake. Aliitazama ndani. Kisha akaitikisa mara moja tu. Kundi lilikuwa limeanza kutawanyika upande wa shamba la ngano. Maksai akasimama, akageuza kichwa. Akaanza kurudi, na wengine nyuma yake, mstari, bila mtu kuwapigia mluzi. Mimi nilinyamaza, shemeji andika hiyo ukutani.

Jioni tukaongea kama watu. Akaniuliza huko kwetu kuna nini. Nikamweleza habari zako, habari za upande wa ng'ombe ulio mtupu, mpaka na baba mdogo pale kanisani. Akasikiliza, akaenda zizini, akarudi anasukuma mtamba mmoja, rangi ya udongo wa manjano, macho makubwa kama ya shangazi.

"Wewe Mbulu ulikuja kutafuta kitu cha manjano chini," akasema. "Hii ng'ombe yangu ni manjano, iko juu. Peleka kwa mama yako."

Nikataka kukataa kwa adabu, akasema si sadaka. Ndama jike wa kwanza atarudi Masakta, kwa zizi lake, na hapo wewe, mama, na Bibi Uda mtakuwa watu wa ng'ombe mmoja. Kwa hiyo, mama, jua unapokea mtamba na unapokea ndugu. Bibi Uda ameuliza kama unakunywa maziwa mabichi au ya kuganda. Nimemwambia atakuja kuuliza mwenyewe, amekubali.

Dhahabu? Sijaona hata punje. Mashine nimemwachia Elisante aniwekee kitufe kinachogeuka vizuri, nimejifunza. Kibali cha kumsafirisha mtamba nimepata, tunakuja kwa miguu, mimi na yeye na kijana mmoja wa mzee anayejua njia na maji.

Kaka akate majani na atazame ule mlango wa upande wa ng'ombe, bawaba ilikuwa imelegea. Nisalimie bibi yetu, mwambie bado mimi ndiye mjukuu mzuri kuliko wote. Msalimie katekista, nimemsamehe kucheka. Msalimie mama jirani anayetuazima kinu. Baba mdogo msalimie kwa heshima zote, umwambie sahani imepata ng'ombe, na usiongeze neno.

Nimemtengenezea mtamba kengele ndogo kutoka kwenye kipande cha bomba la trekta. Ulimi wake ni bolti. Kwa hiyo mkisikia kitu kinalia kwenye mteremko wa Tumati, msidhani ni mashine, wala msikimbilie jembe. Fungueni mlango.

Ni mimi mwanao wa miguu yenye mbigili,

Paskali