Kitambaa cha Meza ya Cherehani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Kaka ameniandikia kwamba bado unainamia cherehani kutwa nzima, na ukiambiwa upumzike unawaka. Mimi ni mzima. Kazi ya kupiga pasi mashuka hotelini inakwenda vizuri. Mashine zinavuma, hakuna anayenisemesha. Tatizo ni nikirudi. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa jirani, na huweza kupita wiki nzima bila mtu kuniita jina. Upweke umenichosha, mama, sikufichi.

Unakumbuka daktari aliponiambia nina usonji, nikakutumia ujumbe, ukajibu "sawa mwanangu", yakaishia hapo. Nikakosa wa kumwambia zaidi, nikafungua ukurasa mtandaoni. Uso sionyeshi. Naonyesha mikono yangu ikikunja mashuka, na chini yake naandika jinsi kelele za sokoni zinavyonichoma, au ninavyofanya mazoezi ya kusema "habari za asubuhi" kwenye ngazi kabla sijakutana na mwenye nyumba. Watu wakaanza kuniandikia, akiwemo fundi saa mmoja, na dada anayekula chooni kazini ili asiongeleshwe. Wanasema, "Hata mimi niko hivyo." Nawapenda, ila simu ikiisha chaji nabaki mimi na ukuta.

Halafu akaja mama mmoja ambaye picha yake ni ua jekundu. Aliuliza afanyeje, maana binti yake hapokei simu. Nikamshauri amwandikie. Wiki ileile wewe ukaacha kunipigia, ukaanza kuniandikia, na mimi wala sikushtuka. Unajua nilivyo mzito wa kung'amua mambo. Mpaka siku yule mama wa ua jekundu aliposimulia kwamba binti yake alipokuwa mdogo, wageni wakija alijificha chini ya meza ya cherehani, naye alikuwa akikishusha kitambaa cha meza mpaka sakafuni ili wasimsumbue.

Mama, miaka yote hiyo nilidhani ulikishusha kwa kunionea aibu. Nililia juu ya shuka la watu, ikabidi nilifue na kulipiga pasi upya.

Juzi ameuliza tena. Binti yake hajawahi kumkumbatia. Je, watu wa namna yetu hupenda? Wafuasi wangu wamejaza mioyo na ugomvi pale chini. Mimi sijajibu, kwa sababu siwezi kukujibu kama mtu baki. Mwenye ukurasa ule ni mimi, mama.

Ndiyo, nakupenda. Nakupenda sana. Kukumbatiwa kunaniumiza mwili, lakini kukaa karibu nawe hakujawahi kuniumiza. Njoo, na uje na kazi yako ya kushona. Si lazima tuongee. Nimenunua meza, nimeitandika kitambaa, nacho kinafika sakafuni.

Nisalimie kaka, na shangazi aliyenibandika jina kwa sababu simtazami machoni. Mwambie bado simtazami, ila namkumbuka.

Nakusubiri,
Mwanao,
Bi Maringo