Chumvi Kwenye Kasha la Miwani

Kaka,

Nimewahi zamu. Wali na mchuzi viko jikoni, wewe pasha moto tu, usiongeze chochote. Dawa za Baba ni baada ya kula.

Asubuhi nimemfumania. Kasha lake la miwani limejaa chumvi! Kumbe ndiyo maana miguu haiachi kuvimba, na sisi tunamsema daktari. Nikampokonya, nikafoka: "Figo zako zimechoka, Baba, unataka zife kabisa?" Mzee mzima, mpishi wa hoteli aliyestaafu, nimemfokea kama mtoto. Akanijibu taratibu, "Chakula changu mnakipika pembeni kama cha paka. Nyinyi mko mezani mnacheka, mimi natafuna peke yangu."



~~Funga kabati la jikoni, ufunguo kaa nao.~~ Hapana. Chumvi yote nimeimwaga. Kuanzia leo sufuria ni moja, yake ndiyo yetu. Ukiona haina ladha, kamulia limau na umeze kimya kimya. Na ukae naye mezani, la sivyo tutagombana.

Kasha nimemrudishia likiwa tupu. Usilipekue.

Dada yako